Inua Mkono, Baba, Haujaonekana

Haya, mashine ya michezo imesema tena. Mikono yote miwili iko hewani, viwiko vimenyooka, kikoi kimepanda mpaka mahali ambapo kikoi hakifai kufika, ncha ya rimoti imepishana na feni kwa upana wa kidole, na skrini inaandika kwamba mkono wa kulia haukuinuliwa. Haukuinuliwa! Basi tuambiwe kuinua ni nini, tukatafute ngazi.

Mchezo wenyewe sitautaja jina, aliyeutengeneza anajijua. Ni ule wa kushangilia timu kama wanavyoshangilia vijana wa vyuo vya Marekani, unaochezwa kwa Wii, ile mashine nyeupe ya Nintendo ya mwaka 2006. Unashika rimoti moja kila mkono, eti ndizo pomponi, yale mafundo ya nyuzi yanayopeperushwa uwanjani. Kwenye skrini yupo binti wa katuni mwenye meno mengi. Anakuchorea mstari wa kumetameta, nawe uufuate kwa mkono, kwa mdundo anaoutaka yeye. Ukiupata, anaruka. Ukiukosa, anakuangalia. Mtu umefika umri wa kuamkiwa shikamoo na nusu ya mtaa, unaangaliwa na katuni.

Vitu hivi hufika Amu, yaani kisiwa chetu cha Lamu, kwa njia tunayoijua sote: sanduku la jamaa wa ng'ambo, basi mpaka Mokowe, boti, punda, na likifika mlangoni majirani wameshaambiana kilichomo. Kisichosemwa ni habari ya adapta. Jamani, someni kibandiko kabla ya kuchomeka. Iliyotoka Marekani imeandikwa 120V, na stima yetu ni 240. Kile kichwa cha miguu mitatu kinachouzwa madukani hubadilisha miguu tu, volti hakizigusi. Utasikia tap, halafu harufu, halafu utaulizwa na wote waliomo nyumbani umefanya nini. Ama utafute transfoma ya kushushia 240 hadi 110, ya wati 100 kwenda juu kwa sababu adapta peke yake hula kama wati 50; ama ununue adapta ya Wii ya Uingereza, yenye miguu yetu na volti zetu, inayotoa 12V na ampea 3.7 zile zile. Mimi nasema ya Uingereza. Transfoma hunguruma usiku na kila mgeni anataka kujua hiyo ni nini. Na diski ya Marekani haiingiliani na mashine ya Ulaya, huo ndio ubaguzi wao, usibishane nao.

Runinga bapa nayo ina maringo. Picha haitoki mpaka ijipambe kwanza, na kwa mchezo wa mdundo kujipamba huko ni hasara: wimbo umefika, mstari wa kumetameta bado uko njiani. Ingia kwenye mipangilio ya picha, washa modi ya mchezo. Ile runinga ya zamani yenye kisogo, mliyoipeleka stoo kwa dharau, haina ugonjwa huu, na matundu yake ya njano, jeupe na jekundu yako tayari.

Hayo ni madogo. Kubwa ni ile V.

V ndiyo bismillahi ya kushangilia: mikono miwili juu, imetengana, basi. Mtoto anayeomba kubebwa anaiweza. Binti anahesabu, tano, sita, saba, nane, na kwenye moja mikono iwe imefika. Sasa, mtu mzima aliyelelewa hafyatui mikono kama aliyeumwa na siafu. Anajiandaa. Anaishusha kidogo, apate nguvu, ndipo aitupe juu. Hapo ndipo mashine inapomkamata. Ile "kidogo" imesomwa. Kwa hesabu yake umejibu chini, tena mapema; ile juu iliyofuata, yenye adabu zake zote, imekuta mlango umefungwa. Binti anakuangalia.

Vyema. Unajirekebisha. Safari hii hujiandai, unafyatua. Mikono inapanda na kusimama kwa kishindo, kichwa kinatikisika, miwani inashuka puani. Lo! Kule kusimama kwa kishindo nako ni mtikiso, na mtikiso wa kusimama huelekea upande wa pili. Umepanda sawasawa, lakini breki imesomwa kama kushuka. Binti anakuangalia, na wajukuu nao wameanza kuangalia.

Unaongeza nguvu. Hakuna mwanamume asiyeongeza nguvu kifaa kikigoma. Ndivyo zinavyokufa tochi. Ila ndani ya rimoti ile mna akselerometa, kidude cha kupima mchapuko, yaani kasi inavyoongezeka na kupungua, na kipimo chake kimeishia kama mara 3 ya mvutano wa dunia. Zaidi ya hapo kinagota, hakihesabu tena. Mkono wenye hasira hupita hapo mara moja. Kwa hiyo ghadhabu yote inayozidi 3 ni jasho la bure: haina alama, haina thawabu, na bega kesho litadai.

Kinachoudhi zaidi ni kwamba mashine haiuoni mkono hata kidogo. Watu wanadhani ule ufito mweusi unaowekwa juu ya runinga ni jicho. Ufito ule ni taa tu za infraredi, mwanga usioonekana kwa jicho la mtu, fungu moja kila ncha. Jicho liko kwenye pua ya rimoti, na kazi yake ni kuelekezea menyu. Unapocheza, kinachotoa ushahidi ni akselerometa peke yake, nacho ni kama abiria aliyefungwa macho ndani ya mashua: anajua chombo kimelala, kimeruka wimbi, kimesimama ghafla, lakini ukimuuliza kama amefika Shela au yuko Matondoni, hajui. Hajui mkono wako uko wapi. Anajua umetikiswa. Ukiuzungusha mlalo, kushoto kwenda kulia pasipo kuuinamisha, hata hilo hulisikia kwa shida. Huyo ndiye hakimu wetu.

Sasa ukitaka kumridhisha hakimu kipofu, fanya hivi. Mdundo ukiwa bado haujafika, tulia kabisa, ngumi kifuani. Rimoti uishike wima, vitufe vikikutazama wewe, maana ukiviacha vitazame kando, juu yako inakuwa pembeni yake. Kifundo cha mkono kinyooke. Mikono ipande moja kwa moja, mbele kidogo ya mwili, kiasi cha kuziona ngumi kwa pembe ya jicho. Hivyo ndivyo wanavyofundishwa washangiliaji wa kweli huko kwao, na kwa mara moja mashine na binadamu wanakubaliana. Kisha isimamishe kwa ulaini, ukiivunja kasi mwishoni, wala usiirudishe mpaka uambiwe. Nguvu kidogo inatosha. Na kabla ya yote angalia taa nne za bluu zilizo chini ya rimoti: taa ya kwanza ikiwaka, hiyo ndiyo nambari moja. Watoto wakizichanganya, kulia kumekuwa kushoto, na wewe unalaumu mifupa. Msiniletee habari za kile kipande cha kuongezea cha mwaka 2009 chenye jairoskopu. Kizuri, ndiyo, kinajua kuzunguka. Lakini mchezo usioandikwa kwa ajili yake haukitambui, utakichomeka kama pambo.

Naam. Umeyafuata yote, umepata V, binti ameruka, wajukuu wamepiga makofi. Binti anataka T.

T ni mikono pembeni, imenyooka. Na nyumba za mawe za Amu, Mungu awarehemu waliozijenga, zilijengwa kwa urefu wa boriti ya mkoko. Chumba kiwe kirefu utakavyo, upana hauzidi sana mita 3. Mtu wa kimo cha mita 1.7 akinyoosha mikono, anashika karibu mita 1.7. Zimebaki sentimita 65 kila upande, kama nyumba haina fanicha. Nyumba ipi hiyo? Kulia kuna kitanda, kushoto kuna kiti cha enzi ambacho haruhusiwi mtu kukikalia, seuze kukigonga. Basi runinga isiwe kwenye ukuta mfupi. Ihamishie ukuta mrefu, mabega yafuate urefu wa chumba, urudi nyuma mita 2 hivi kutoka kwenye skrini. Utapata nafasi ya T. Na nyuma yako, ukuta wa pili, utakuwa umevipa mgongo vidaka na zile sahani za Kichina zilizorithiwa na bibi.

Ndiyo maana nasema mkanda wa mkononi uvaliwe. Sisemi kwa urembo. Mashine ilipotoka, watu walirusha rimoti hata Nintendo yenyewe, Desemba 2006, ikajitolea kubadilishia wateja kamba nyembamba ya milimita 0.6 kwa nyingine ya milimita 1, na mwaka uliofuata ikaleta na vazi la mpira la kuzuia kuteleza. Na hao walikuwa wanacheza kwenye baridi yao. Njoo ucheze hapa Machi, upepo umekufa, viganja vinachuruzika. Futa mikono kila wimbo, kaza kile kishikizo mpaka kwenye kifundo.

Wapo wenye akili wanaosema, toka nje, kiwanda, ule ua wa nyumba, kina nafasi. Kiwanda kina nafasi, kweli, kina na jua. Jua limejaa infraredi, na pua ya rimoti ikiliona inachanganyikiwa: kucheza utacheza, kwa sababu akselerometa haijali mwanga, lakini kama menyu zinataka kuelekezewa, kidole cha skrini kinaruka ruka na wimbo huchagui. Halafu kuna madirisha ya juu. Kila dirisha la juu lina mtu. Mzee wa makamo ameshika vijiti viwili vyeupe ananyanyua mikono kuelekea mbinguni bila sauti ya maana. Kesho utaulizwa msikitini kama uko mzima.

Nao wasiseme haya ni mambo ya wasichana. Anayehesabiwa kuwa wa kwanza kuongoza mashabiki kwa kelele za mpangilio, Chuo Kikuu cha Minnesota, tarehe 2 Novemba 1898, alikuwa mwanafunzi wa kiume, Johnny Campbell. Na mwaka 2021 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilikipa chama cha kimataifa cha mchezo huo utambuzi kamili. Heshima ipo. Ninachouliza ni kwa nini heshima lazima irukeruke. Goma letu wanaume wanasimama mstari, kanzu, bakora mkononi, wanayumba polepole, na aliyekuja kutazama anajua nani anajua na nani anabahatisha. Lelemama kina mama wanageuza viganja tu, na watu wanalizungumza mwaka mzima. Mvalishe rimoti mcheza goma hodari kuliko wote, mashine itasema amelala. Sifuri! Atapewa alama yule kijana wa pwani ya hoteli anayejitingisha mwili mzima bila mpango, kwa sababu ametikisa.

Tena rimoti hizi zinakula betri. Rimoti moja inataka mbili ndogo za AA, mikono miwili ni nne, na muuza duka anakukatia zile za bei ya chini zinazofaa saa ya ukutani. Hizo huchoka upesi, na zikichoka rimoti inakatika katikati ya wimbo. Ukishabadilisha betri nayo ikagoma kuungana tena, inabidi ufungue kifuniko, ubonyeze kitufe chekundu cha ndani, kisha kile chekundu cha kwenye mashine nyuma ya kilango cha kadi. Nunua za kuchaji, volti 1.2 kila moja, rimoti inazikubali. Na usiziache ndani miezi, hewa yetu ya chumvi na betri iliyovuja vikikutana, vyuma vinaota ukungu wa kijani au mweupe. Pamba, siki tone moja, sugua, futa, acha kifuniko wazi ikauke kabisa. Siki ikiwa imekwisha, ndimu. Lakini ndimu zenyewe ziko wapi? Zile zilizobaki sokoni ni ndogo, kavu, zina mbegu tupu, na ukimwambia mwenye meza apunguze anakutazama vile vile kama binti wa katuni, tena huyu ana mizani.