Oda Zote Zilihamia Januari

Kwa kuwa rafiki yangu amekwisha kuitangaza habari hii kwa namna yake, akidai kwamba nililia mbele ya wakuu wa kazi, naona ni heri niisimulie mwenyewe kabla jasho halijanikauka. Sikulia. Macho yalinitoka tu, na hilo ni jambo jingine kabisa.

Kazi yenyewe ilikuwa ya kitoto: orodha ya obujekti (vifurushi vya data) za aina ya Oda, kila moja ikiwa na jina la mteja, kiasi na tarehe, ipangwe kuanzia ya zamani hadi ya karibuni. Niliandika kilinganishi, yaani msimbo wa kuamua ipi itangulie, kwa lugha ya programu ya Java, nikakijaribu kwa oda za mwezi mmoja, zikajipanga kwa adabu kama wanafunzi kwenye gwaride. Kichwa kikavimba, nikaomba niuonyeshe mfumo mbele ya kikao kizima.

Basi nikaunganisha projekta, nikapakia oda zote za mwaka 2023, nikabonyeza kitufe cha kupanga. Juu kabisa ikatokea 01/02/2023, ikafuatwa na 01/07/2023, kisha 01/11/2023, nami nimeipa skrini mgongo, nikieleza kwa madaha kwamba mpangilio huu hauwezi kukosea. (Mliokwisha kuelewa, tafadhali msinitangulie.) Mhasibu wetu, mama wa makamo asiyepitwa na kitu, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena, akasogea hadi ukutani, akaweka kidole juu ya 03/12/2023, akakishusha polepole, mstari baada ya mstari, hadi 14/02/2023, kisha akaniuliza kwa upole uliouma kuliko matusi: "Mwanangu, huko kwenu Desemba huja kabla ya Februari?"

Nikabonyeza tena. Orodha ikapinduka, ya chini ikawa ya juu, upuuzi ukabaki uleule. "Ni intaneti, mama," nikajibu, ilhali programu nzima ilikuwa ndani ya kompyuta yangu na waya wa intaneti ulikuwa umelala mezani, mbele ya macho ya wote.

Katika SimpleDateFormat, zana ya Java ya kusoma na kuandika tarehe, MM kubwa ni mwezi na mm ndogo ni dakika. Mimi niliandika dd/mm/yyyy, kwa hiyo 03/12/2023 ikasomwa kuwa tarehe 3 Januari, saa sita usiku na dakika 12, na mwaka mzima ukasongamana ndani ya Januari moja. Kibaya zaidi, muundo uleule ndio uliotumika kuzionyesha tarehe, kwa hiyo zile dakika 12 zikarudi kwenye skrini zikijifanya mwezi wa 12, safi kabisa. Oda zangu za majaribio, kwa kuwa zote zilikuwa za mwezi mmoja, hazikuwa na namna ya kunisengenya.

Yaliyofuata ni mafupi. Kikao kiliahirishwa, nikahamia LocalDate, aina ya data ya tarehe tupu bila saa, iliyokuja na Java 8 mwaka 2014, ambayo ukiipa mm mahali pa MM hugoma kusoma tarehe papo hapo badala ya kukunyamazia hadi mbele ya wakubwa. Oda zisizo na tarehe nikazisukuma mwisho kwa nullsLast. Rafiki yangu siku hizi hunitakia heri ya Januari kila asubuhi. Mama mhasibu hasemi neno, ila kila orodha ninayompelekea, kabla hajasoma lolote, huanza kwa kuitafuta oda ya tarehe 3 Desemba.