Mkurugenzi Kwenye Simu ya Wateja: Faida Ipo, Hatari Iko Kwenye Cheo

Fundi wa huduma kwa wateja akienda likizo, kampuni ndogo ya programu za stoku na faktira hapa Lubumbashi mara nyingi haina mtu wa kumshikia nafasi. Mkurugenzi mwenyewe anakaa kwenye simu na WhatsApp kwa wiki moja au mbili. Wengine wanasifu, wengine wanasema bosi anapoteza muda. Hoja ya muda naiona nyepesi. Kilicho kizito ni cheo.

Chukua kesi ya duka la vipuri linalouza kwa dola na franka. Jioni mama wa kasha anapiga: "Papa, ripoti inadai 142.500, kwenye droo niko na 140.000." Hakuna aliyeiba. Filta kumi za dola 5 ziliuzwa asubuhi kwa kiwango cha franka 2.800 kwa dola, mchana kiwango kikabadilishwa kuwa 2.850, na programu ikapiga upya hesabu za siku nzima. Fundi mzoefu hagusi kitu kabla ya kupata namba ya faktira, saa ya mauzo, sarafu iliyolipwa na picha ya skrini.

Dawa ya kudumu ni kila faktira kutunza kiwango chake tangu inapotolewa. Fundi anaweza kuliandika ombi hilo miezi mingi likabaki chini ya orodha, maana wauzaji wanataka vitu vipya vya kuonyesha wateja. Mkurugenzi akipokea malalamiko hayo kutoka maduka matatu, kazi inaanza kesho yake. Vivyo hivyo suala la saa: Lubumbashi iko saa moja mbele ya Kinshasa, kwa hiyo seva ikifuata saa ya Kinshasa, mafuta yaliyouzwa kituoni saa sita na dakika ishirini usiku yanahesabiwa kuwa ya jana. Ofisini hilo huitwa uzembe wa mteja, na si haki.

Lakini cheo hichohicho kinaharibu. Mkurugenzi akimwambia mtayarishaji programu, "Ingia kwenye hifadhidata, rekebisha hiyo jumla," nani atakataa? Jumla inarudi 140.000, TVA (kodi ya ongezeko la thamani) ya asilimia 16 inabaki ya hesabu ya zamani, na mhasibu haoni nani aligusa nini. Umeme wa SNEL ukikatika wakati programu inaandika na faili likaharibika, ni mbaya zaidi: mkurugenzi anaahidi "kesho asubuhi tayari", na kwa haraka hiyo mtu anaendesha ukarabati juu ya nakala pekee iliyopo. Faili bovu linakiliwa kando kwanza, ndipo inaangaliwa tarehe ya nakala ya akiba ya mwisho. Hatua hizo hazifupishwi kwa sababu bosi ameshika simu.

Kwa hiyo namkubali kwenye kiti hicho, ila kwa masharti ya fundi: aone hifadhidata bila ruhusa ya kuandika, aandike kila simu hata iliyokwisha kwa dakika mbili, na muda wa kumaliza kazi autaje mtayarishaji, si yeye. Muhimu kuliko yote, atumie namba ya huduma. Wateja wakishazoea namba yake binafsi, fundi akirudi atakuta foleni imehamia huko, na kila mwenye shida ndogo anapita juu ya kichwa chake. Mteja anayemwandikia bosi baada ya hapo ajibiwe kutoka namba ya huduma, na kesi yake iingie kwenye orodha kwa zamu yake.