Wana hoja, hawana sufuria

Juzi kundi letu la ukoo la WhatsApp lilichafuka. Dada yetu, binti wa mama mdogo, aliyeko Marekani mwaka wa kumi na moja sasa, alituma picha: Jumapili asubuhi, yumo ukumbini na Waunitaria, watu wa kanisa lisilomdai mtu imani fulani, kitabu cha nyimbo mkononi, anacheka. Sote tunajua imani ilishamtoka. Alitwambia mwenyewe, kwa adabu, mama mdogo akalia, tukanyamaza, yakapita. Sasa hii picha! Mjomba akaandika kwa herufi kubwa: "KAMA HUAMINI, KANISANI UNAFUATA NINI? BORA UNGELALA." Watu kumi na wanne wakajibu kwa vikaragosi vya kucheka.

Nilitaka kunyamaza, nimeshindwa.

Mimi naswali, nalitanguliza hilo ili nisije nikaitwa kikao. Na natamani dada arudi. Ramadhani nzima nimemwombea. Lakini swali la Mjomba limeniudhi kwa sababu jibu lake tunalo hapa hapa Tanga, tunapishana nalo kila siku.

Baba alipofariki, mtu wa kwanza kushika jembe makaburini alikuwa fundi baiskeli wa Ngamiani ambaye nyote mnamjua. Huyu hata Ijumaa humwoni msikitini. Mtaa mzima unajua, na mtaa mzima unajua pia kwamba hakuna anayechonga mwanandani ukanyooka kama yeye. Alichimba tangu asubuhi. Duaa ilipoanza alisogea kando, akavuta sigara yake chini ya mwembe, kisha akarudi kufukia. Siku ya khitma alikaa barazani, wengine wakisoma Yasini yeye anapanga viti, na sinia la pilau lilipofika alinawa mikono kama sisi. Nani alimuuliza anafuata nini? Mjomba, wewe ndiye uliyemsogezea kachumbari. Nilikuona.

Tusidanganyane kwamba kinachookoa hapo ni upole wetu. Ni chama cha kufa na kuzikana. Na chama hakiendeshwi na mawaidha. Kinaendeshwa na daftari, maturubai mawili, sufuria nne za kupikia shughuli, na mama mweka hazina asiyeona haya kukugongea mlango saa 12 asubuhi kwa ajili ya elfu mbili yake. Ukifiwa usiku, kabla hujamaliza kulia turubai limeshafungwa. Mambo hayo hayaji kwa kupendana tu. Yanakuja kwa sababu kuna watu wamekubali kuchoka kila mwezi, miaka nenda miaka rudi, hata mwezi ambao hakufa mtu.

Hapo ndipo wasioamini wanapokwama. Hoja wanazo, tena kali. Sufuria hawana. Walishajaribu: Januari 2013, London, wachekeshaji wawili walianzisha mkusanyiko wa Jumapili usio na Mungu, wenye nyimbo, mawaidha na chai. Matawi yakaota haraka katika nchi kadhaa, kisha mengi yakafa. Hilo halinishangazi hata kidogo. Jumapili ya kwanza kila mtu anakuja. Jumapili ya arobaini, mvua inanyesha, nani atakwenda kufungua mlango na kufagia?

Kwa Waunitaria mlango umeshafunguliwa. Wao na wenzao Wauniversali waliungana 1961, lakini kila upande ulikuwa na jumuiya zake Marekani kwa zaidi ya karne moja kabla ya hapo. Majengo wanayo, kamati wanazo, wazee wa kukunja viti wapo. Na hawana shahada ya kutamka mlangoni. Wachungaji wao kadhaa walitia saini tamko la 1933 liitwalo Humanist Manifesto, la utu usiotegemea miungu, na waliendelea na uchungaji wao. Kwa hiyo dada haendi pale kumdanganya mtu. Jumapili wanawasha mwali ndani ya kikombe, ndiyo alama yao, na mwenye furaha au msiba anasimama anausema mbele za watu.

Mwaka jana dada alifanyiwa upasuaji. Wiki mbili alilala peke yake kwenye nyumba ya ghorofa ambayo jirani wa mlango wa pili hajui jina lake. Sisi huku tulifanya nini? Tulimtumia vikaragosi vya mikono ya duaa. Wale watu wa ukumbini walipanga zamu kwenye daftari, kila jioni mmoja akabisha na bakuli la supu. Supu haina chumvi, anasema, haina ndimu, haina hata pilipili. Alikunywa akalia.

Haya, Mjomba, na wewe nikupe chako. Ni kweli jumuiya zile zimejaa Wazungu waliosoma sana, na siku ya kwanza dada alikuwa peke yake mwenye rangi yetu ukumbini. Ni kweli baada ya ibada wanakupa kahawa nyepesi na biskuti, kashata huioni. Na ni kweli, hili nalisema kwa shingo upande, kwamba fundi wetu anavumiliwa kwa sababu hajawahi kusema. Angesimama barazani akatamka alichotwambia dada, sijui kama ungemsogezea ile kachumbari. Kwetu mtu ananunua nafasi yake kwa kunyamaza. Dada amepata mahali anakaa na wenzake huku amesema.

Eti aende klabu ya mazoezi, kuna aliyeandika. Nenda wewe, ukifiwa wakuletee vyuma.

Nimeyaandika haya jana usiku, na leo alfajiri mlango umegongwa. Mweka hazina. Nimelipa yangu, akafungua daftari, akaniuliza kama naonana na Mjomba, maana jina lake halina alama tangu Mfungo Sita.