Mpemba akimsema mkimbizi namshangaa

Kuna maneno nayasikia sana barazani na kwenye magrupu ya WhatsApp, eti wakimbizi kule Kigoma wanatibiwa bure huku mwananchi anahangaika. Mtu mwengine akisema hivo namuachia, lakini Mpemba? Jamani, tushasahau mara hii? Januari 2001, baada ya zile risasi za polisi kwenye maandamano ya upinzani Zanzibar, watu wetu zaidi ya 2,000 walipanda vyombo wakaibukia Shimoni, Kenya, na baadae wakapelekwa kambi ya wakimbizi ya Dadaab huko kwenye vumbi, wake kwa waume na watoto.

Na hiyo bure yenyewe ina mambo yake. Nyarugusu, kambi ya Kasulu huko Kigoma iliyofunguliwa 1996 kwa ajili ya Wakongo kisha 2015 ikajaa Warundi, inategemea pesa za wafadhili, na mkimbizi hatoki kambini bila kibali. Sasa mama kashikwa na uchungu, pale kambini imeshindikana, anatakiwa rufaa, angoje karatasi au angoje gari? Mtu wa Fundo au Kojani, visiwa vyetu vidogo vya Pemba, hili halimpi tabu kulifahamu. Mzazi anashushwa pwani usiku, bahari imekupwa, chombo kimekaa juu ya mchanga, mashine haina mafuta, mnakaa kungoja maji yajae huku bibi mmoja kamshika mkono anamsomea, na taa za ng'ambo mnaziona kwa macho yenu.

Ndo maana mimi naona kuwajengea wakimbizi hospitali yao peke yao ni kutafuta chuki tu. Wanakijiji wa jirani huenda kutibiwa kambini, sawa, basi na zahanati ya kijiji nayo iongezewe mkunga, dawa, na gari ya wagonjwa yenye dereva na mafuta (maana bila mafuta ni pambo), ipokee mwenye kitambulisho na asiyekuwa nacho. Kibali cha mgonjwa wa dharura kifuate nyuma, mgonjwa atangulie.

Halafu hawa wahudumu wa afya wa kujitolea wanaopita nyumba kwa nyumba na simu zao, wa kwetu wallahi mjamzito wa shehia wanamjua kabla mama mkwe hajajua! Kambini nako wapo wakimbizi wanaoifanya kazi hii kwa posho ndogo, na wao ndo wa kuongezwa kwanza, kwa sababu mama wa Kirundi hatomueleza daktari mwanamme, tena kwa lugha asiyoijua, kwamba tangu jana anatokwa na damu.