"Mmeelewa?" si swali la usalama

Inakera sana kuona mwongoza watalii akimaliza maelezo ya dakika tano mfululizo, akauliza "Mmeelewa?", wageni wakatikisa vichwa kukubali, kisha safari ikaanza. Kutikisa kichwa hakuthibitishi chochote! Kwa Wabulgaria, kuinamisha kichwa juu na chini kwa desturi ni kukataa. Wageni wengine wamelelewa kutomwaibisha kiongozi mbele ya watu, kwa hiyo watakubali hata kama hawakuambulia kitu. Halafu mnyama anatokea, mmoja anakimbia, na lawama anabebeshwa mgeni.

Uliza swali lisilojibika kwa ndiyo au hapana: "Nikiinua kiganja hivi, utafanya nini?" Kila mmoja aonyeshe kwa mwili wake. Ishara tatu zinatosha: simama, nyamaza, rudi nyuma taratibu. Zifundisheni kabla ya kushuka garini, injini ikiwa imezimwa, maana ngurumo humeza maneno. Na ishara ya kuinua dole gumba iacheni. Kwa Wairani wengi wa kizazi cha zamani ni tusi, na kwa mpiga mbizi ni amri ya kupanda juu ya maji.

Umbali nao. "Kaeni mita 50" haimwambii kitu Mmarekani aliyezoea futi; mwonyeshe mti ulio umbali huo.

Mkiwa na mkalimani, simama baada ya kila sentensi moja au mbili. Ukimpa kumi, atafupisha, na mara nyingi kinachodondoka ni lile "usikimbie".