Kobe si mnyama wa mtu asiye na muda

Mwandishi wa makala kuhusu kufuga samaki, kobe na mijusi nyumbani ameeleza vizuri kwa nini watu wanavutiwa nao, ila pale aliposema kwamba hawa wanamfaa mtu asiye na muda, sikubaliani naye hata kidogo.

Samaki wengi wa nyumbani hawafi kwa njaa, wanauawa na maji. Kinyesi na mabaki ya chakula hutoa amonia, ambayo ni sumu kwao, na bakteria wanaoigeuza kuwa naitraiti kisha naitreti, ambayo sumu yake ni ndogo zaidi, huhitaji wiki kadhaa kukua ndani ya kichujio cha tangi. Ukinunua tangi na samaki siku moja, umewaingiza kwenye sumu. Na jamani, sifongo ya kichujio msiioshe kwa maji yenye klorini, mnawaua bakteria hao hao!

Mjusi anayeamka mchana naye anahitaji taa ya UVB (inayotoa mionzi ya urujuanimno kama ya jua), la sivyo mifupa hulainika.

Lakini kinachoniuma zaidi ni wale kobe wa maji wenye alama nyekundu ubavuni mwa kichwa. Huuzwa wakiwa wadogo wa kutosha kiganjani, kisha hukaribia sentimita 30 na huweza kuishi miaka 30. Watu wakichoka huwatupa mtoni, ambako huwanyang'anya kobe wenyeji chakula na mahali pa kuotea jua. Tena kobe hao wanaouzwa hubeba salmonela, bakteria wanaowaharisha watu; ndiyo maana Marekani ilipiga marufuku mwaka 1975 kuuza kobe wenye gamba lisilofika inchi 4, kwani watoto walikuwa wakiwatia mdomoni. Makala haikutaja hata kunawa mikono. Naomba iongezwe.