Sleti ya Breli Bado Ina Kazi, Ila Si Kila Kazi

Chukua neno "mbele". Mtoto anayejifunza kuandika breli, yaani maandishi ya nundu yanayosomwa kwa kidole, kwa kutumia sleti akikosea herufi e tu, akaitoboa jinsi anavyoisoma badala ya kuigeuza, atakapofunua karatasi na kupitisha kidole atakuta "mbili". Hakuna aliyemdanganya. Kwenye breli, e ikigeuzwa ni i, na i ikigeuzwa ni e. Ndivyo zilivyo pia d na f, h na j, r na w.

Kwa asiyekijua kifaa chenyewe: sleti ni vibao viwili vyembamba vya chuma au plastiki vilivyoshikana kwa bawaba. Cha juu kina safu za vidirisha, cha chini kina vishimo 6 chini ya kila kidirisha. Karatasi nzito hubanwa katikati, kisha stailasi, yaani msumari butu wenye kishikio, huisukuma karatasi iingie kwenye kishimo. Nundu hutokeza upande wa pili. Kwa hiyo anayeandika huanza kulia kwenda kushoto, na anayesoma hugeuza karatasi na kwenda kushoto kwenda kulia kama kawaida. Aina moja maarufu ya mfukoni ina mistari 4 ya vidirisha 28. Ukiimaliza, unaishusha sleti chini ya ukurasa na kuendelea.

Katika mjadala wa kipi mtoto asiyeona aanze nacho, sleti au mashine ya kuandikia breli, hoja inayosikika zaidi dhidi ya sleti ni hiyo ya kugeuza: mtoto analazimishwa kujifunza alfabeti mbili, moja ya kusoma na nyingine ya kuandika. Inaeleweka kirahisi, hasa na mtu anayeona, ambaye akifikiria breli anaiona kama picha. Mimi naiona hoja hii imepewa uzito kuliko inavyostahili. Walimu wengi wa sleti hawafundishi picha iliyopinduliwa. Wanafundisha mwendo. Kila herufi ina nafasi 6 za nukta: upande wa kwanza wenye 1, 2 na 3, na upande wa pili wenye 4, 5 na 6. Ukisoma, kidole kinakutana na upande wa kwanza kushoto, na ukiandika, stailasi inakutana nao kulia. Nukta 1, 2 na 3 zinabaki kuwa zile unazozifikia kwanza, uendako popote. Mtoto aliyefundishwa hivyo hageuzi kitu kichwani, anafuata njia tu. Anayeteseka mara nyingi ni yule aliyechorewa e ya kusomea na e ya kuandikia ubaoni kama vitu viwili. Zaidi ya hayo, zipo sleti zenye vipele badala ya vishimo na stailasi yenye ncha iliyo na tundu, ambazo huinua nundu kuelekea juu, ukaandika kushoto kwenda kulia. Kama tatizo lingekuwa mwelekeo peke yake, mjadala ungeishia hapo.

Haukuishia hapo kwa sababu udhaifu mkubwa wa sleti ya kawaida uko kwingine: hukioni kidoleni ulichoandika mpaka uitoe karatasi. Kwa ujumbe wa mistari miwili hilo si kitu. Kwa hesabu ni balaa. Anayejumlisha namba za tarakimu nne kwa kuzipanga wima anahitaji kurudi kusoma safu ya kulia, aandike jibu chini yake, abebe moja, arudi tena juu. Kwa sleti kila kurudi ni kufungua, kugeuza, kusoma, kurudisha na kutafuta upya kidirisha alichokuwa. Wanaoipenda sleti hulijibu jambo hili kwa kusifu kumbukumbu inayojengeka kwa mwandishi. Ni kweli inajengeka, lakini mwanafunzi anayepimwa hesabu hatakiwi kupimwa kumbukumbu kwa siri.

Na kusahihisha? Nundu iliyokosewa hufinywa kwa kucha au kwa kishikio cha stailasi, au herufi nzima hutobolewa nukta zote 6 kuwa alama ya kufutwa. Inafanya kazi, ingawa nukta iliyofinywa huacha kikovu ambacho kidole chepesi hukinusa.

Upande wa pili wa mizani kuna mashine ya Perkins, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1951 kwa muundo wa David Abraham, mwalimu wa shule ya wasioona ya Perkins huko Marekani. Ina vitufe 6, kimoja kwa kila nukta, na herufi nzima hupigwa kwa mkupuo mmoja ikatokea juu, tayari kusomwa. Tofauti ya kazi ni kubwa kuliko inavyodhaniwa. Neno "yeye", likiandikwa herufi kwa herufi bila vifupisho, ni mitobo 14 kwa stailasi: y ina nukta 5, e ina 2, mara mbili. Kwa Perkins ni mikupuo 4. Mpe mwanafunzi insha ya kurasa kadhaa na kifundo cha mkono wake kitakwambia kingependa kipi.

Lakini Perkins ina uzito wa karibu kilo 5 na mlio ambao ukumbi mzima unausikia. Huiweki mfukoni uende nayo sokoni, mkutanini au kitandani. Mtu akikutajia namba ya simu njiani, sleti inatoka, tarakimu 10 zinaingia kwenye vidirisha 11 (alama ya namba hutangulia), na kazi imekwisha kabla mwenye mashine hajafungua mkoba. Vivyo hivyo kuweka lebo kwenye chupa ya dawa, kuandika jina kwenye bahasha, au kutia alama kwenye karata za kuchezea. Hizi si kazi ndogo. Ndizo zinazomfanya mtu ajue kilicho chake bila kuuliza.

Wapo wanaosema simu imeshamaliza yote hayo, maana inarekodi sauti na hata inakubali breli kwenye kioo chake. Nakubali kwa sehemu. Kurekodi kunahitaji useme kwa sauti, na si kila namba ya siri inafaa kutamkwa mbele za watu. Betri nayo ina tabia ya kuisha siku ya haja. Hoja ya kwamba sleti ni ya kizamani siichukulii kwa uzito: kibao cha mifereji cha kutobolea kilikuwa tayari mikononi mwa Charles Barbier, Mfaransa aliyebuni maandishi ya nukta yaliyotangulia breli, kabla Louis Braille hajachapisha mfumo wake wa nukta 6 mwaka 1829, na penseli ni ya zamani zaidi, lakini hakuna anayewanyang'anya watoto wanaoona penseli zao.

Jambo linalonisumbua zaidi halitajwi sana na upande wowote. Sleti ni rahisi kununua, na urahisi huo umekuwa hoja. Anayesimamia bajeti akisikia kwamba sleti inajenga nidhamu na kujitegemea, anapata ruhusa nzuri ya kutonunua mashine. Sifa za sleti, zilizosemwa kwa nia njema na watu wasioona wenyewe wanaoitumia kila siku, zinageuka kisingizio cha kumwacha mtoto afanye mtihani wa hesabu kwa kifaa asichoweza kukisoma akiwa anaandika. Upande wa pili nao una kosa lake. Shule iliyobahatika kuwa na mashine huzifungia darasani, na mwanafunzi anatoka getini bila chochote cha kuandikia, mikono mitupu mpaka kesho asubuhi.

Kwa hiyo swali la kipi kianze, sleti au mashine, nalijibu kwa kuangalia kazi. Kusoma na kuandika herufi za mwanzo, hesabu na insha: mashine, kwa sababu anayejifunza anahitaji kuligusa kosa lake papo hapo. Sleti isisubiri miaka. Ianze mapema, mara mtoto anapozijua herufi zake, na ianze na mambo yake mwenyewe: jina lake kwenye daftari, jina la rafiki, orodha ya vitu vya kubeba kesho. Mtihani usiandikwe kwa sleti ila kwa atakayeichagua mwenyewe, na atakayeichagua apewe muda wa kugeuza karatasi.